Shahada ya teknolojia ya habari: Njia ya kijana wa Shinyanga na Geita

MTOTO aliyeanza darasa la kwanza wilayani Kahama Januari 2009, mwaka ambao mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulianza uzalishaji, alifanya mtihani wa kidato cha sita mwaka 2022, endapo hakurudia darasa njiani. Mgodi huo ulikuwa umekoma kuzalisha mwaka mmoja kabla ya hapo, 2021. Mgodi mzima, pamoja na ajira, zabuni na biashara zilizouzunguka, ulidumu kwa muda mfupi kuliko ule ambao mtoto mmoja huutumia kutoka darasa la kwanza hadi kwenye lango la chuo kikuu.

Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini elimu ya juu ni suala zito katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Dhahabu huisha, au bei yake hushuka, au mgogoro huibuka na kazi zikasimama. Kijana aliyebaki na nguvu za mikono pekee hurudi kwenye maduara ya wachimbaji wadogo.

Miongoni mwa njia zinazotajwa kuwa mbadala ni shahada ya kwanza katika teknolojia ya habari na mawasiliano, maarufu kwa jina la TEHAMA. Hata hivyo, shahada hiyo haipatikani kwa kupenda kompyuta tu. Inategemea mambo matatu: Hisabati aliyoipata mwanafunzi sekondari, fedha na nyaraka zilizoandaliwa kwa wakati, na mazoezi ya vitendo. Mawili ya kwanza huamuliwa kabla mwanafunzi hajakanyaga chuoni.

Ukanda wa mitambo mikubwa

Uchimbaji wa kisasa si jambo geni katika eneo hili. Mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ulianzishwa mwaka 1940 na mwanajiolojia raia wa Canada, John Williamson. Miaka 60 baadaye, mwaka 2000, mgodi wa Geita ambao leo unamilikiwa na kampuni ya AngloGold Ashanti ulianza uzalishaji, ukifuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001. Geita yenyewe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012, ulipoundwa mkoa mpya kwa kumega maeneo ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera.

Mgodi mkubwa wa kisasa, pamoja na kelele zote za malori na mitambo ya kusaga mawe, huendeshwa kwa taarifa. Kila tundu linalotobolewa kutafuta dhahabu hutoa sampuli, na majibu ya maabara ya kila sampuli huhifadhiwa kwenye kanzidata, yaani hazina ya taarifa zilizopangwa kwa utaratibu. Kutokana na taarifa hizo programu maalumu huchora umbo la mwamba ulio chini ya ardhi, na wahandisi wakaamua pa kuchimba na pa kuacha. Malori hufuatiliwa kwa satelaiti. Katika uchimbaji wa chini ya ardhi, ambao Geita iliuanza mwaka 2016, vihisio vya hewa na mawasiliano ya redio ni suala la uhai wa wafanyakazi.

Kilomita chache kutoka kwenye uzio wa mgodi wa namna hiyo, mchimbaji mdogo hushuka kwenye duara kwa kamba, hupeleka mawe kwenye karasha, na kuosha mchanga kwa zebaki. Kati ya dunia hizo mbili ndipo ilipo shule ya sekondari ya kata, ambayo kwa wanafunzi wengi ndiyo mahali pa pekee pa kujiandaa kuvuka kutoka dunia moja kwenda nyingine.

Nchi yenyewe ilichelewa kuipokea kompyuta. Mwaka 1974 Serikali iliweka katazo la kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine zilizokuwapo kuonekana kuwa gharama kubwa isiyo na tija. Katazo hilo lililegezwa miaka ya baadaye, na sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003, kisha ikafuatiwa na sera nyingine mwaka 2016. Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na ndipo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa kusambaza mawasiliano hayo mikoani ulipoanza. Mzazi aliyesoma miaka ya 1980 anapomwuliza mwanawe, "Unakwenda kusomea nini hasa?", ana sababu ya kuuliza.

Ni shahada gani hasa?

Jina "shahada ya kompyuta" hubeba shahada zaidi ya moja, na kukosea kuchagua ni kosa la gharama. Mwaka 2005 jumuiya za kimataifa za wataalamu za ACM, AIS na IEEE Computer Society zilitoa ripoti iliyoigawa taaluma hii katika matawi matano, na mgawanyo huo umeathiri mitaala ya vyuo vikuu duniani.

Tawi la kwanza ni uhandisi wa kompyuta, unaohusu mashine yenyewe na saketi zake. La pili ni sayansi ya kompyuta, inayohusu nadharia na mbinu za kuifanya mashine itatue matatizo. La tatu ni uhandisi wa programu, unaohusu ujenzi wa programu kubwa zinazotegemewa na watu wengi. La nne ni mifumo ya habari, inayounganisha kompyuta na uendeshaji wa biashara na taasisi. La tano ni teknolojia ya habari, inayohusu kuchagua, kuunganisha, kulinda na kuendesha mitandao, seva na programu ambazo taasisi inazihitaji kila siku.

Kwa lugha ya mgodini, mhandisi wa programu huandika mfumo wa kufuatilia malori, ilhali mtaalamu wa teknolojia ya habari huhakikisha mfumo huo unafanya kazi saa tisa usiku, taarifa zake zina nakala ya akiba, na mtu asiyehusika hawezi kuingia. Mipaka hiyo si ukuta. Mhitimu wa tawi moja anaweza kufanya kazi ya jingine, lakini masomo anayoyapitia na uzito wa Hisabati hutofautiana.

Nchini Tanzania shahada hizi hutolewa na vyuo kadhaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano iliyopo Kijitonyama. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki yake ya sayansi za kompyuta. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) nacho hutoa shahada ya teknolojia ya habari. Shahada nyingi za sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari huchukua miaka mitatu, na zile za uhandisi huchukua minne.

Mikoa ya Shinyanga na Geita haina chuo kikuu chenye makao yake makuu humo. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina taasisi yake Kizumbi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo vya mikoa. Anayetaka kukaa darasani kila siku kwa ajili ya shahada hii, kwa kawaida hulazimika kusafiri kwenda Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Geita safari ya Mwanza ilikuwa ikikatishwa na foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, hadi Juni 2025 lilipozinduliwa daraja la JP Magufuli lenye urefu wa kilomita 3.

Safari huanzia kwenye Hisabati

Wanafunzi wengi hudhani kwamba maandalizi ya shahada hii ni kujua kutumia kompyuta. Kuandika barua, kutengeneza jedwali na kuperuzi mtandao ni stadi muhimu, lakini hujifunzwa kwa wiki chache. Jambo lisilojifunzwa kwa wiki chache ni Hisabati.

Sababu ni ya msingi. Programu ya kompyuta ni mlolongo wa hatua zilizopangwa kwa mantiki isiyoacha mwanya. Aliyezoea kuthibitisha jibu hatua kwa hatua katika aljebra amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mwandishi wa programu. Mtandao wa kompyuta hupanga anwani zake kwa namba za msingi wa mbili. Usalama wa malipo ya simu, kuanzia huduma kama M-Pesa iliyoanza nchini mwaka 2008, unategemea nadharia ya namba. Uchambuzi wa taarifa ni takwimu.

Hapo ndipo penye kikwazo kikubwa zaidi. Kwa miaka mingi matokeo ya kidato cha nne ya Baraza la Mitihani yameonyesha kwamba chini ya watahiniwa watatu kati ya kumi nchini hufaulu Hisabati. Mwanafunzi anayeiacha Hisabati kidato cha pili kwa kuamini kuwa "si ya watu wote" hufunga mlango huu bila kujua, na huja kugundua miaka minne baadaye anaposoma sifa za udahili.

Lugha nayo ni kikwazo. Mtoto wa kijijini Kishapu au Nyang'hwale huweza kuanza maisha kwa Kisukuma, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza akakutana na masomo yote kwa Kiingereza. Vitabu vya kompyuta, ujumbe wa makosa unaotolewa na mashine na mijadala ya wataalamu karibu vyote viko katika lugha hiyo. Mwanafunzi mwenye akili nzuri ya Hisabati anaweza kushindwa swali kwa sababu hakuelewa sentensi moja.

Kuhusu vifaa, hali inatofautiana baina ya shule na shule. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukigawa kompyuta kwa shule za umma. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, ikiwamo ya Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta, sambamba na mtaala mpya ulioanza Januari mwaka huo. Lakini kompyuta isiyo na mwalimu hugeuka pambo la ofisi. Mwanafunzi wa shule isiyo na kompyuta hata moja asikate tamaa: mwaka wa kwanza wa chuo huanza na misingi, na aliye imara katika Hisabati huwafikia wenzake.

Milango ya kuingilia

Udahili wa vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kati ya mwaka 2010 na 2016 waombaji walipitia mfumo mmoja wa pamoja wa tume hiyo. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni. Anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo anachokitaka kwa kutumia namba ya siri anayotumiwa, na asiyethibitisha kwa wakati hupoteza nafasi.

Mlango wa kwanza ni kidato cha sita. Kiwango cha chini cha taifa ni ufaulu wa kiwango kikuu katika masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hiyo ni sakafu tu. Kila programu huongeza masharti yake, na kwa shahada za kompyuta sharti la kawaida huhusu Hisabati, ama ya kidato cha sita ama ufaulu mzuri wa kidato cha nne. Tahasusi za PCM, PGM na EGM ndizo zinazofungua milango mingi. Masharti ya kila programu huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa udahili wa TCU unaopatikana bure kwenye tovuti yake, na huo ndio wa kusomwa kabla ya kuamini maneno ya mtaani.

Mlango wa pili ni stashahada. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, kisha akasoma stashahada ya TEHAMA na kupata wastani wa alama 3.0 au zaidi, anaweza kuomba shahada. Njia hii ni ndefu, lakini ina faida kwa kijana wa ukanda huu: anapofika chuo kikuu tayari amekwisha kugusa nyaya, seva na lugha za programu, na akikwama kifedha katikati ana cheti kinachoweza kumpatia kazi.

Mlango wa tatu ni kwa waliokosa sifa hizo. Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi ya kuwaandaa waombaji wa namna hiyo, na TCU husimamia utaratibu wa kutambua maarifa ambayo mtu mzima ameyapata kazini, kwa mtihani maalumu.

Nani atalipa?

Ada ya shahada hii katika vyuo vya umma kwa kawaida huzidi Sh1 milioni kwa mwaka, na ya vyuo binafsi huwa juu zaidi. Hapo hajalipiwa chakula, malazi, nauli wala kompyuta mpakato, ambayo kwa mwanafunzi wa fani hii ni sawa na jembe kwa mkulima. Katika familia za wafugaji wa Kisukuma, ada ya chuo mara nyingi maana yake ni ng'ombe kuondoka zizini.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, ndiyo tegemeo la wengi. Mkopo hugawanywa katika mafungu, yakiwamo ya ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Posho ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita "bumu", ilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilalamikiwa na wadaiwa, ilifutwa mwaka 2021.

Kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita, upo Ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ambao si mkopo. Kuanzia 2023/2024 mikopo ilianza kutolewa pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada.

Pamoja na hayo, wapo wanaostahili mkopo ambao huukosa kwa sababu ya karatasi. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa vivyo hivyo. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, katika kambi ya wachimbaji ambako familia ilihama kutoka mlipuko mmoja wa dhahabu kwenda mwingine, anaweza kufika kidato cha sita bila cheti hicho. Dirisha la mikopo hufunguliwa kwa wiki chache, wakati ambao wahitimu wengi wako kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, mbali na nyumbani na mbali na intaneti. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe kidato cha tatu, si wiki ya mwisho ya maombi.

Miaka mitatu darasani

Shahada ya miaka mitatu nchini hupimwa kwa uzito usiopungua krediti 360, ambapo krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ni saa 3,600, na sehemu kubwa ya saa hizo haimo kwenye mihadhara. Imo kwenye maabara, maktaba na chumbani, mwanafunzi akiwa peke yake na mashine.

Mwaka wa kwanza hubeba misingi: Hisabati za mantiki na seti, takwimu, muundo wa kompyuta, stadi za mawasiliano na utangulizi wa uandishi wa programu kwa lugha kama C, Java au Python. Huu ndio mwaka wa mtikisiko. Waliozoea kukariri kwa ajili ya mtihani hugundua kwamba programu iliyokaririwa haifanyi kazi swali linapobadilishwa kidogo.

Mwaka wa pili huingia kwenye kanzidata, mifumo endeshi, mitandao, miundo ya taarifa na algoriti, yaani utaratibu wa hatua za kutatua tatizo. Mwaka wa tatu huwa na usalama wa mifumo, uchambuzi na usanifu wa mifumo, usimamizi wa miradi, na mradi wa mwisho ambao mwanafunzi hutakiwa kuutetea mbele ya wahadhiri. Katikati ya miaka hiyo huwekwa wiki kadhaa za mafunzo kwa vitendo katika taasisi au kampuni.

Kwa mwanafunzi anayetoka Shinyanga au Geita, mafunzo hayo ni fursa ya kurudi nyumbani akiwa na jicho jipya. Migodi mikubwa hupokea wanafunzi, lakini nafasi ni chache na maombi ni mengi. Halmashauri, hospitali, mamlaka za maji, benki na vyama vya ushirika vya pamba navyo vina mifumo ya kompyuta, na mara nyingi ndivyo vinavyompa mwanafunzi kazi halisi ya kufanya badala ya kumwacha akitazama. Mradi wa mwisho unaotokana na tatizo alilolikuta huko, kwa mfano utunzaji wa kumbukumbu za mzigo wa mawe unaopokelewa kwenye karasha, huwa na thamani kuliko ulionakiliwa mtandaoni.

Kusoma bila kuacha kazi

Si kila anayetaka shahada hii ni mhitimu wa kidato cha sita. Yupo fundi simu wa Katoro, karani wa ghala la Isaka na mwalimu wa sekondari ya Bukombe, wote wenye familia zinazowategemea.

Kwa watu hao kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Chuo hicho hutoa shahada ya TEHAMA kwa njia ya masafa, na mwanafunzi huhudumiwa na kituo cha mkoa alipo. Hana haja ya kuhamia mjini mkubwa wala kuacha mshahara.

Hata hivyo, masafa yana adhabu yake. Mwanafunzi hana kengele ya kipindi wala mwenzake wa chumba cha jirani wa kumuuliza kwa nini programu imegoma. Uandishi wa programu ukisomwa kwa kusoma tu, bila kufanya, hausomeki. Anayefaulu kwa njia hii huwa ni yule aliyejitengea saa zisizoguswa kila wiki, mwenye kompyuta yake mwenyewe, na aliyetafuta wenzake wawili au watatu mjini kwake wa kukutana nao.

Kazi baada ya shahada

Ni kosa kudhani kuwa mhitimu wa TEHAMA wa ukanda huu anasubiriwa na mgodi. Idara ya kompyuta ya mgodi ni ndogo ikilinganishwa na idara za uchimbaji na uchenjuaji. Tena migodi huyumba. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, shughuli za Bulyanhulu zilipunguzwa na wafanyakazi wakapoteza ajira. Uchimbaji ulirejea baada ya mapatano kati ya Serikali na kampuni ya Barrick yaliyozaa kampuni ya ubia ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa ya asilimia 16.

Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini huitaka migodi kuajiri wazawa na kununua huduma kwa kampuni za ndani kwanza. Kwa mhitimu wa TEHAMA maana yake ni kwamba huenda nafasi kubwa zaidi isiwe ajira ya mgodini, bali kampuni ndogo inayouza huduma kwa mgodi: ufungaji wa mitandao, kamera za ulinzi na matengenezo ya kompyuta.

Sekta ya umma nayo imebadilika. Maombi ya leseni za madini yalianza kufanyika kwa njia ya mtandao mwaka 2015. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mauzo katika masoko ya aina hiyo hutunziwa kumbukumbu kwa ajili ya mrabaha na kodi. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba maalumu ya kumbukumbu, na zabuni kwa mfumo wa kielektroniki wa ununuzi ulioanza mwaka 2023. Kila halmashauri inahitaji mtu wa kuisimamia mifumo hiyo, na nafasi ya Ofisa TEHAMA Daraja la II hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na anayeonekana ni yule anayeweza kuonyesha kitu alichokijenga.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza mzigo mwingine kwa hospitali, shule, benki na kampuni zinazotunza taarifa za watu. Taarifa hizo zinahitaji kulindwa na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Maswali kabla ya kuuza ng'ombe

Mzazi au mlezi anayejiandaa kugharimia shahada hii anashauriwa kupata majibu ya maswali machache kabla ya kutoa fedha. Je, chuo na programu yenyewe vimo katika mwongozo wa TCU wa mwaka huo? Je, mwombaji ana sharti la Hisabati la programu hiyo, au anatarajia "kupita hivyo hivyo"? Je, cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa? Je, chuo kina maabara ya kompyuta inayotosha idadi ya wanafunzi? Je, wahitimu waliotangulia wako wapi sasa?

Kwa mwanafunzi aliye kidato cha kwanza au cha pili leo, orodha ni fupi zaidi: Hisabati kila siku, Kiingereza cha kusoma na kuelewa, na kompyuta kila inapopatikana, hata kama ni saa moja kwa wiki. Elimu ya sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne imekuwa bila ada tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita tangu mwaka wa fedha 2022/2023. Katika safari nzima ya kuelekea shahada hii, hiyo ndiyo sehemu isiyomlazimu mzazi kulipa ada, na ndiyo inayoamua kama sehemu inayolipiwa itakuwapo.